Yai Ulilolikosa

Sliven, Jumatano

Mdogo wangu Ognyan,

Huku hatujambo. Mama amepanda miche ya pilipili hoho, na jirani yetu Penka anamtangazia kila mtu kwamba Jumamosi unapigana nusu fainali ya Ulaya huko Belgrade. Baba ameshaazima televisheni kubwa.

Barua hii nampa dereva wa basi, maana kwenye simu nikitaja jicho tu, unakata.

Mimi usingizi sipati. Kila nikilala naiona Pasaka, tulipokuwa tunagonganisha mayai ya kuchemsha mezani, kuona la nani litabaki zima. Nililishika langu upande wako wa kushoto, ukalenga kulivunja kwa lako, ukapiga hewa. Ukarudia, ukapiga hewa tena. Baba akacheka mpaka machozi: "Bondia gani huyu, anapigwa chenga na yai!"

Nawe ukasema, "Ni pombe hii ya rakia, Baba, msinionee."

Ognyan, glasi yako ya rakia ilikuwa bado imejaa.

Tangu ile ngumi uliyopigwa ulingoni Istanbul, jicho la kushoto halioni, sivyo? Na bado unataka kupanda ulingoni!

Mwambie kocha Tsvetan. Ikifika Ijumaa hujamwambia, nampigia simu mwenyewe. Najua utasema nimekukatia ndoto, na Baba hatanisemesha. Sawa tu. Nichukie mpaka uzeeni ukitaka, mradi ukinikasirikia uwe unauona uso wangu.

Dada yako,
Zdravka