Kikopo cha Baba Kimulot

Dada Nafula,
Huku Kimulot mvua haikatiki. Mwenyeji wangu, Mwalimu Koech, ana mashine ya kutafuta sarafu. Namba kwenye kioo chake ikirukaruka, ni msumari. Ikitulia juu, ni sarafu. Palipokuwa jiko la Nyanya, alipoishi huku zamani, ilitulia themanini.

"Chimba hapo!" Koech akasema.

Nikatoa kikopo cha shaba chenye jina la Baba, kimejaa senti kumi za tundu, zile sarafu za mkoloni. Nafula, ni zile ambazo Baba alidai Baba Mdogo aliziiba, wakaacha kusalimiana! Kumbe Nyanya alizificha, akafa bila kusema. Nililia pale matopeni.

Mwambie Baba polepole, kisha umpeleke kwa nduguye siku hiyo hiyo, wangali hai wote wawili. Wabusu watoto.

Kaka yako, Wafula