Kwa Kaka Aliyenichagulia Drams za Umeme

Kaka yangu mkubwa,

Sikuulizi hali. Ukiwa mzima au mgonjwa huko kwenye theluji, hiyo ni shughuli yako na daktari wako. Nakuandikia kwa sababu umeniomba jibu kupitia kwa Mama mara nyingi mno, na Mama amechoka kubeba maneno yako. Naandika hadharani, ili wale tulioimba nao kanisani Naguru wasome pia.

Unakumbuka siku tuliyokwenda kununua drams? Majirani walikuwa wamelishtaki kanisa letu la mabati kwa mwenyekiti wa mtaa, na zile drams za kawaida nilizozipiga tangu tulipofika Kampala kutoka Bukavu zikapigwa marufuku. Nililia. Wewe ukasema dawa ipo, drams za umeme, na washirika wakachanga. Dukani mjini muuzaji mmoja Mganda akatuonyesha aina mbili, yenye pedi za mpira na yenye pedi za wavu. "Ya mpila iko na kelele ya fimbo, ssebo," akasema kwa heshima. "Chukua ya neti. Haiumi mukono." Ya neti ilitushinda bei, tukashika ya mpira. Niligonga kila pedi kusikia kama inajua tofauti ya kugusa na kupiga. Nilikanyaga pedali ya ngoma kubwa mpaka mwenye duka akakunja uso. Wewe hukugonga hata moja. Uliuliza swali moja tu, sauti inatokea wapi, naye akakuonyesha tundu la hedifoni na tundu la waya wa kwenda kwenye spika.

"Petit, hii njo muzuri," ukaniambia mimi mdogo wako, mkono begani mwangu. "Utajisikia weye mwenyewe mu masikio."

Nikafurahi, mjinga mimi.

Tulizifunga Jumamosi, wewe umeshika vyuma, mimi nakaza skrubu. Nilikuonyesha waya upi uende pedi ipi, maana ukikosea, unagonga toazi inalia ngoma. Kile kisanduku cha sauti tulikiita ubongo. Nikashusha kiti, nikasogeza pedali, nikaongeza usikivu wa pedi ya kushoto kwa sababu mkono wangu wa kushoto ni mvivu. Mama akatuletea chai, akasema wanawe wamependeza. Nilikupenda sana siku ile. Nalisema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nataka likuume.

Basi nikapiga kila Jumapili, masikio yamefunikwa, wewe kwenye kinanda hatua chache kutoka kwangu. Ibada ikiisha unanikumbatia mbele ya watu: "Leo umepiga, petit!" Mama anapiga vigelegele. Kumbe mlikuwa mnanivika kilemba cha ukoka, familia nzima na kwaya yake.

Halafu ikaja ile Jumapili ya mavuno. Wanafunzi wa chuo kikuu cha Kyambogo walikuja kama wageni, kanisa limejaa, watu wanacheza. Shemasi alipita nyuma yangu na kikapu cha sadaka, kiatu chake kikavuta waya wa umeme, na ubongo ukazimika. Kwenye hedifoni, kimya. Nilidhani umeme umekatika kanisa zima. Nikavua hedifoni.

Drams zilikuwa zinaendelea kulia.

Zilikuwa zinatoka kwenye kinanda chako, mdundo wa mashine unaojipiga wenyewe, safi, bila kosa, na watu wanazicheza. Mimi nina fimbo mikononi na mpira uliokufa mbele yangu. Nikatazama chini. Waya wa drams zangu wa kwenda kwenye spika ulikuwa nyuma ya kinanda chako, umekunjwa vizuri, umefungwa kwa kamba, una vumbi la miezi. Nikakutazama. Hukushtuka, kaka. Ulininyooshea kidevu tu: endelea.

Nikaendelea. Wageni walikuwa wananiangalia, nikagonga mpira mpaka wimbo ukaisha.

Nyumbani Mbuya nilimuuliza Mama kama alijua. "Ulikuwaka na furaha, mwana wangu," akasema. "Tungefanya nini?" Wewe ulikuwa unakula. Ukasema kwa mdomo uliojaa kwamba mimi nakimbia, kwamba Roho akishuka mwendo wangu unaongezeka na kwaya inapotea. Ni kweli. Nimejirekodi tangu hapo, nimesikia, nakimbia kama mwizi. Ungeniambia ningeumia wiki moja, nikajifunza. Lakini wewe hukutaka nijifunze. Ulitaka mdogo wako awe pambo, na wewe uwe kaka mwema.

Siku hizi kazi yangu ni kufunga drams za umeme kwenye makanisa ya mji huu. Mpiga drams akiwa mbovu, namwambia palepale, mbele ya mchungaji wake. Wengine wanalia. Siwabembelezi. Nikimaliza, nauchomeka waya wa spika mwenyewe.

Sasa umeshahamia ng'ambo, umefungua ushirika wako huko, huna mpiga drams, ukanikumbuka. Umemtumia Mama picha ya drams za mbao, kubwa, zinang'aa, na sauti yako inasema: "Petit, huku hakuna jirani. Piga mpaka ukuta ulie." Hukusema samahani. Ulisema kilichobaki ni mimi kufika kwenye ofisi ya wakimbizi nithibitishe kwamba wewe ni ndugu yangu, nao watanileta kwako. Nakiri nililala na ile picha kifuani. Nazitaka zile drams kuliko ninavyotaka kuondoka kwenye chumba hiki kinachovuja.

Nimekwenda, Jumatatu hii. Mama alinisindikiza, amevaa kitenge chake cha sikukuu. Afisa aliuliza kwa upole tu: una ndugu yeyote aliye hai ng'ambo? Nikamwambia nilikuwa na kaka mmoja, alikufa vitani, kabla hatujavuka mpaka. Akaandika. Akasema pole sana.

Mama alikuwa amekaa ubavuni mwangu, na anajua kukanusha akitaka. Alinitazama, akatazama kalamu ya yule bwana, kisha akapokea ile pole kwa mikono miwili, kama mfiwa.

Usitume picha nyingine. Hapa tumeshamaliza matanga.

Ni mimi,
mtoto pekee wa Mama