Ndege wa Tisa Kwenye Kadi ya Mama

Decorah, Iowa
Novemba 9

Kwako mwanangu Solveig,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Dwight na mtoto wake. Sisi hatujambo, ila baba yako goti limemkaza tangu baridi ianze, na mimi dole gumba langu la kuchongea limevimba kama soseji. Msinipe pole, nimeyataka mwenyewe.

Kadi ya Krismasi imekamilika. Mwaka huu nimechonga kwenye kibao changu cha kupigia chapa tawi la msonobari lenye theluji, na ukoo mzima tumekaa juu yake, kila mtu ndege wake kama kawaida yetu. Kaka yako Leland ni kigong'ota, maana anagonga kichwa kwenye jambo lile lile mwaka mzima. Mkewe Joylene yuko pembeni yake, na pacha wao wanang'ang'ania koni moja ya msonobari. Mimi na baba yako tuko katikati. Wewe upo, na bwana wako mpya Dwight nimempa kishungi chekundu. Ndege wanane. Bahasha ni mia moja na sitini, na watu wanadhani kadi hizi zinaota zenyewe bustanini! Nilianza mwezi wa nane.

Niandikie mistari miwili ya habari zenu niiweke nyuma ya kadi. Miwili, Solveig. Mwaka jana ulinijazia nafasi yote kwa habari za jino lako.

Ni mimi, Mama yako

*

Omaha, Nebraska
Novemba 16

Mama mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa kidole hata kama hutaki. Huku tu wazima. Baba mwambie asipande ngazi kufunga taa za Krismasi, Leland atakuja.

Mama, nimehesabu ndege zako mara tatu. Wanane. Sisi tuko tisa.

Umemwandika "mtoto wake". Ana jina, anaitwa Odessa, na sote tunamwita Dessa. Ana miaka saba. Mama yake mzazi alifariki kabla hajajua hata kusema vizuri. Siku ya harusi yetu mwezi wa sita alilala mapajani mwa baba yangu, na wewe mwenyewe ulimfuta krimu ya keki puani. Tangu hapo anakuita bibi. Nimemwambia kwenye kadi ya bibi kila mtu ana ndege, na sasa kila siku ananiuliza yeye atakuwa ndege gani. Anataka avae kofia.

Dwight umemchonga, mtoto umemwacha. Imekuwaje?

Mwanao, Solveig

*

Decorah
Desemba 3

Mwanangu,

Salamu nyingi. Theluji imefika magotini, baba yako kapanda ngazi, kashuka salama, na amenuna kwa sababu nilimshikia miguu mbele ya jirani.

Kuhusu kadi: tawi limejaa. Tena kibao ukishakichonga umekichonga. Unaweza kupunguza, huwezi kuongeza. Nimekuambia hayo tangu uko mdogo unanichezea visu vyangu.

Lakini sitaki ugomvi wa Krismasi. Kadi yenu hii hapa ndani. Mtazameni Dessa mwisho wa tawi. Kofia anayo.

Mama

*

Omaha
Desemba 9

Mama yangu,

Sina la kusema ila asante. Ungemwona! Amepiga kelele mpaka mbwa wa jirani kaanza kubweka. Kadi tumeiweka kwenye mlango wa friji, chini kabisa, usawa wa macho yake. Kila mgeni anayeingia anashikwa mkono na kupelekwa pale, hata fundi wa bomba la maji. Samahani kwa ukali wangu wa mwezi uliopita. Mwaka mpya tutakuwa kwa Leland, kisha tutapanga kuja kwenu.

Mwanao anayekupenda, Solveig

*

Omaha
Januari 2

Mama,

Sitakuuliza hali leo.

Jana tulikuwa kwa Leland. Joylene alikuwa anapakua viazi, watoto wako jikoni, na kadi yako iko kwenye friji yao, ilipotakiwa kuwa. Dessa akaenda kujionyesha. Nikasikia anahesabu kwa sauti. Akafika wanane akanyamaza. Akaanza upya kutoka upande wa pili.

Kisha akawauliza pacha, "Mimi nimerukia wapi?"

Wale watoto hawana ubaya, ila hawana breki. Mmoja akamjibu, "Wewe hukuwepo. Bibi alisema kwenye ya kwenu atabandika mmoja ili mama yako asipige kelele."

Atabandika! Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye kadi yetu bila kuvua koti. Akamkwangua ndege wake kwa ukucha, akabanduka. Chini yake kulikuwa na theluji tupu. Umechonga kidude kwenye kifutio cha penseli, ukakigonga kwenye karatasi, ukakata kwa mkasi, ukabandika kwa gundi. Kadi moja kati ya mia moja na sitini! Kazi yote hiyo kwa ajili ya kumdanganya mtoto wa darasa la pili, na mimi nikakuandikia kukuomba msamaha.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, najua. Sikujua kamba yenyewe utaifunga wewe.

Usinipigie. Tutapayukiana bure. Ukiwa na la kusema liandike.

Solveig

*

Decorah
Januari 10

Solveig,

Mimi sikusema "asipige kelele". Nilisema "asihuzunike". Pacha wale wataniua.

Umekasirika, sawa. Lakini usinifanye mchawi. Nilikueleza tawi limejaa. Watu mia moja na sitini wanaipokea kadi ile, wanaisoma kama matangazo ya kanisani: nani kaoa, nani kazaa, nani kafa. Ukiweka ndege leo, mwakani asipokuwepo, wewe hupo hapa kujibu maswali. Ninayeshikwa mkono nje ya kanisa ni mimi. Ninayeulizwa dukani nikiwa na mayai mkononi ni mimi. Nikaona tusubiri kidogo. Kusubiri ni dhambi?

Na nilikaa na kile kifutio siku nzima na kidole hiki. Kofia ile ilikuwa na kishada. Hukukiona hata kishada.

Mama

*

Omaha
Februari 3

Mama,

Baba ameandika kuwa huli vizuri. Nimekaa wiki tatu sijakujibu kwa sababu kila nilipoanza niliandika maneno ambayo mtoto hapaswi kumwambia mzazi wake. Hapa nimepunguza.

Ni wiki ya kadi za wapendanao. Mwalimu ameleta orodha ya darasa, majina ishirini na nne, na juu ameandika: hakuna mtoto wa kurukwa. Sheria ni ile ile ya wakati wetu. Tuko mezani siku ya tatu, tunakata kopa za karatasi nyekundu, gundi mpaka kwenye nywele. Dessa hataki za dukani, anataka kila mtu awe na yake. Kuna kijana anaitwa Grady aliyemtemea mate kwenye maziwa. Dessa alikaa na jina lake robo saa. Akamkatia kopa, akachora katoni ya maziwa, akaandika, "Heri ya siku ya wapendanao, usirudie." Akalitia alama jina lake.

Alipomaliza za darasa akaanza za familia. Babu yake kapata, yenye nyundo. Leland na Joylene wamepata. Pacha wamepata moja ya kugawana, makusudi. Nikamuuliza, "Na bibi Arlys?"

Akasema, "Yeye fundi wa kadi. Ajitengenezee."

Nilicheka, Mama. Kisha nikaenda chooni nikalia. Sitamlazimisha. Unaniambia unaogopa maswali ya dukani, mtoto naye analala na swali moja kila siku na hakuna anayemjibu. Niambie ukweli. Tawi lilijaa kweli?

Solveig

*

Decorah
Februari 8

Mwanangu Solveig,

Hapana. Halikujaa.

Nimeiandika barua hii mara tano, na nne zimeingia kwenye jiko la kuni. Nivumilie.

Ulipoolewa na Curtis alikuja na mwanawe Brennan, miaka sita, meno ya mbele hana. Sikusubiri hata siku moja. Krismasi ile ile nikamchonga. Miaka mitatu alikuwa kwenye kadi yangu. Majira ya joto analala chumba chako cha zamani, anakula uji wangu wa shayiri, ananiuliza kila chombo changu kazi yake nini. Kibao chake cha kwanza alikichongea kwangu, chura, ninacho.

Kisha mkaachana. Mliachana nyie wawili, na hiyo ni haki yenu, Curtis hakuwa mtu. Lakini Brennan alikwenda na baba yake na mimi hakuna aliyeniuliza. Hakuna aliyeniambia, Mama, mwage kijana, mnasalimiana mara ya mwisho. Nilijua siku nilipomtandikia kitanda na gari likaja na wewe peke yako. Uliingia ukalilia ndoa yako, nikakupikia, nikakubembeleza. Huzuni yangu nikaimeza. Kumlilia mtoto wa mwanaume aliyekutesa, ningekwambiaje?

Desemba ilipofika sikuweza kumchonga. Watu wangeuliza yuko wapi, na mimi sikuwa najua. Lakini jina lake sikulifuta kwenye orodha ya bahasha. Kila mwaka kadi inakwenda kwa Curtis, miaka sita sasa. Nilitaka kijana ajue kuwa bibi anamkumbuka. Hajawahi kujibu hata neno moja. Nikasema basi, kanisahau, watoto husahau.

Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Dessa alipolala mapajani mwa baba yako nilitoka nje kupumua. Sikumkataa, mwanangu. Niliogopa.

Mama yako

*

Omaha
Februari 21

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa ndani ya gari, nje ya posta, na sikuweza kuliwasha.

Nilipotoka kwa Curtis nilichukua sufuria zangu na mbwa. Sikukumbuka kuwa una mjukuu pale. Sijui nilikuwa na akili gani. Nisamehe.

Kisha nikafanya jambo ambalo pengine utanikasirikia. Nilimtafuta Curtis. Tulizungumza kama watu wazima, mara ya kwanza. Akampa Brennan simu. Ana miaka kumi na tano, sauti imekuwa nzito kama ya Leland. Nikamwambia, "Bibi Arlys amekuulizia."

Mama, nitakuandikia alivyosema, na ukae chini kwanza.

Alisema, "Kadi zake zinafika. Mwaka wa kwanza nilimtafuta ndege wangu. Nilifikiri amemficha nyuma ya majani, kama mchezo, maana alikuwa anapenda mafumbo. Nikaitazama mpaka na taa nyuma yake. Baba akasema tuitupe, nikakataa. Mwaka wa pili nikaangalia tena. Wa tatu nikaitupa mwenyewe. Sikuelewa kwa nini kila mwaka analazimika kunitumia ili nione kuwa simo."

Nilimwambia haikuwa hivyo. Akasema, "Ilikuwaje basi?" Hilo jibu si langu.

Anwani yake mpya nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Dwight nimemsomea barua yako yote. Amesema nikuambie hivi: ndoa haina dhamana, lakini hata tukitengana kesho, Dessa hatanyimwa bibi kwa makosa ya watu wazima. Amesema ataiandika na kutia sahihi ukitaka. Dessa bado hajasema lolote. Siku ya sherehe darasani boksi lake la viatu la kupokelea kadi lilirudi limejaa, na kadi ya Grady ilikuwa na pipi mbili.

Mwanao, Solveig

*

Decorah
Machi 4

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Sisi tupo. Nimekaa chini kama ulivyoniagiza, na nilikaa sana.

Miaka sita nimemkasirikia mtoto kwa kutonijibu, na kila Desemba nilikuwa namtumia kidonda kwenye bahasha yenye stempu nzuri. Nimejipiga kifua kwa majuto mbele ya baba yako mpaka akaniambia inatosha, Arlys, kifua chenyewe kizee.

Mara moja nikavuta kibao. Nilitaka kuchonga kadi ya kuomba radhi, kubwa, wawili pamoja, Brennan na Dessa, niitume kwa wote mia moja na sitini. Nilikuwa nimeshachora mabawa. Baba yako akakichukua kisu mezani, akakitia mfukoni. Akasema, "Hao mia moja na sitini hawakukosewa. Walikosewa wawili."

Basi nimetumia karatasi ya mistari, ile ya kuandikia vitu vya dukani. Kwa Brennan nimeandika kuwa sikumfuta, niliogopa kuulizwa yuko wapi, na kwamba mtu mzima hapaswi kumwachia mtoto kazi ya kubahatisha kama anapendwa. Nimeandika kuwa nilikosea. Hajajibu, na leo ni siku ya tisa.

Bahasha ndogo iliyomo humu ni ya Dessa, usiifungue. Ila nitakuambia kilichomo, usije ukafikiri nimeficha kitu tena. Nimemwambia ndege wake nilimbandika kwa sababu nilikuwa muoga. Niliogopa nisije nikampenda halafu wakaondoka naye. Na nimemwambia kuogopa kwenyewe kumechelewa, kwa sababu nimeshampenda.

Akikataa kuisoma, mwachie. Akiichana, usimgombeze hata kidogo.

Mama yako