Bibi Hakuulizwa

Mwangaluka, mdogo wangu Minza. Mwanangu amemmwagia Bibi uji sasa hivi, na Bibi anacheka tu.

Umeuliza mbona Bibi hatundikiwi dripu za saratani ya titi. Pale hospitali mgonjwa mwenzake, binti wa rika langu, alitundikiwa mpaka nywele zikaisha. Minza, niliuonea wivu hata upara wake! Bibi alipewa vidonge tu. Daktari alimuuliza baba mdogo, naye kwa heshima akajibu, "Mama amezeeka, msimtese."

Jana nikamuuliza Bibi mwenyewe. Akanishangaa: "Juzi nimepalilia pamba! Nani kawaambia nimechoka kuishi?"

Jumatatu tunarudi hospitali Bariadi, na safari hii atajibu yeye. Naamini daktari akimsikia ata... ngoja, Bibi ananiita nikaone gauni alilochagua, eti kama linafaa kwendea kwa daktari.