Stendi ya Kukanyaga

Jumapili, 2 Mei 2004

Leo nimepewa kazi ya kiume. Baada ya ibada, Kwaya ya Vijana tulikaa kikao. Mzee Sefania, mweka hazina wetu, akasema hela za mnada wa mavuno zimetosha, sasa dramu za umeme zinunuliwe stendi ya haihati. Zilipoletwa Januari na wale rafiki zetu Wajerumani, kila kitu kilikuwamo kwenye boksi, stendi tu ndiyo haikuwamo. Wapo waliouliza haihati ni mdudu gani. Nikasimama nikawaeleza: ni matoazi mawili yanayolaliana, mkono unapiga juu, mguu wa kushoto unayafungua na kuyafunga. Nilieleza vizuri mpaka Janeth wa sauti ya pili akacheka. Labda alinicheka. Sijali.

Mzee akauliza nani anajua vifaa ashuke naye Tanga. Wote walikuwa wanamfikiria kaka yangu Tobia na hakuna aliyetaka kumtaja. Nikanyoosha mkono. Mimi Alen! Shule niliishia fomu tu, lakini dramu hazifundishwi fomu tri.

Mzee Sefania alitazama miguu yangu. Nilimwona.

Jumatatu, 3 Mei

Mvua kutwa. Dramu ziko chumbani kwetu kwa sababu paa la kanisa linavuja. Tobia analala amezipa mgongo. Hii ni wiki ya tano tangu atoke hospitali Bumbuli. Walikuwa wanapasua mbao na wenzake kule Shume, gogo likaviringika. Mguu wa kushoto. Umekatwa juu ya goti. Miaka sita alikuwa mpiga dramu wa usharika, na hizi za umeme hajazigusa zaidi ya mara tatu.

Nilimwambia natumwa Tanga. Nilidhani atanuna. Akageuka, akakaa kitandani, akaanza kunielekeza kama mwalimu. Kwanza nitazame miguu ya stendi. Mitatu ni imara lakini inakula nafasi, itagongana na pedali ya dramu kubwa. Miwili ni bora, iwe inageuka. Nivute mnyororo. Nikanyage mara ishirini nisikilize kama springi inalia.

Nikamwambia hayo yote nayajua. Nilikuwa sijui hata moja.

Mama alisimama mlangoni na ungo wa maharage, akasikiliza mpaka mwisho. Akarudi jikoni.

Alhamisi, 6 Mei

Tanga. Tumefikia Ngamiani kwa ndugu yake mzee Sefania. Joto la huku si la binadamu.

Dukani tumemkuta kijana anaitwa Twaha, anapiga dramu kwenye bendi, anajiona. Akaniuliza mimi kutoka milimani najua kupiga au najua kubeba. Nikamwambia kwetu nikianza kupiga hata mbuzi wanaacha kula. Akacheka, akaleta stendi tatu.

Ya kwanza miguu mitatu, nzito kama dhambi. Ya pili miguu miwili, inageuka, mnyororo safi. Nikakanyaga mara ishirini. Springi kimya kabisa. Ya tatu ilikuwa kipande kifupi tu, haina pedali. Nikauliza hii mbona mbovu? Twaha akasema si mbovu, imetengenezwa hivyo. Unaibana kwenye fremu ya dramu, inayashika matoazi yakiwa yamefungwa muda wote. Mguu wa kushoto hauna kazi.

Mguu wa kushoto hauna kazi.

Nilisimama pale nimeishika. Nyepesi. Mzee Sefania akasema hiyo ndiyo nafuu, ina nini? Twaha akanitazama mimi.

"Kwani nani atapiga?"

"Mimi," nikasema.

Aliuliza mara moja tu, na mimi nikajibu mara moja tu. Tumechukua ya miguu miwili. Twaha kasema kama haitufai tuirudishe ndani ya siku kumi, isiwe na mkwaruzo, atatubadilishia.

Ijumaa, 7 Mei

Tumerudi. Tobia akaiomba stendi kabla sijakaa. Akaipapasa kila kiungo, akavuta mnyororo, akaweka sikio. Akauliza walikuwa nazo ngapi. Mbili, nikasema. Ya miguu mitatu na hii.

"Umechagua vizuri, dogo."

Tangu nizaliwe Tobia hajanisifia. Hata nilipoogelea bwawa zima la Kwemzinga — na yeye alikuwepo! — alisema tu nivae shati. Leo ndiyo kanisifia.

Ugali sikuumaliza. Mama aliniuliza kama naumwa.

Jumapili, 9 Mei

Nimepiga kanisani! Jenereta likawashwa, spika zikakohoa, Janeth kageuka mara mbili.

Sasa ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Mikono ilikwenda. Mguu wa kulia ulikwenda. Wa kushoto ulikuwa umepigwa ganzi. Haihati ilikuwa inafunguka pasipotakiwa na kujifunga inapopenda. Mwinjilisti alisema ubeti wa tatu ulikuwa kama mabati yanaanguka. Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, kwa sauti kuliko wote.

Tobia hakuja ibadani. Mama anasema alitoka na magongo akakaa nyuma ya nyumba, kwenye jiwe la kufulia. Ni upande unaosikia kanisa.

Jumanne, 11 Mei

Siku mbaya.

Mzee Sefania alikuja kumjulia hali Tobia. Shikamoo, marahaba, wakazungumza bei ya viazi, wakazungumza mvua. Kisha mzee, kwa nia njema kabisa, akasema kijana wetu ana macho makubwa, kule dukani kulikuwa na stendi isiyo na pedali, nusu ya bei, akaikataa! Alikuwa anacheka.

Tobia akauliza isiyo na pedali inafanyaje kazi. Mzee akaanza kueleza kama alivyomsikia Twaha. Inabanwa hapa, matoazi yanakaa yamefungwa, mguu… Akaacha kucheka. Akashika kofia yake. Akasema muda wa kubadilisha bado upo, Jumamosi yeye mwenyewe anashusha viazi Tanga. Akaaga haraka.

Nilikaa nikisubiri gongo linishukie kichwani. Ningefurahi. Tobia alikuwa anatazama dirishani.

"Ningekuwa wewe, ningechukua hiyo hiyo uliyochukua."

Basi. Akaomba maji ya kunywa nikampelekea, nusu nikamwagia shuka.

Jumatano, 12 Mei

Ameanza kunifundisha. Mwenyewe kataka.

Nyumbani hakuna umeme kwa hiyo dramu hazitoi sauti yake, ni mpira tu: paka, paka, paka. Nilikaa kitini, yeye kitandani kando yangu. Akaweka kiganja juu ya goti langu la kushoto, akawa analibonyeza kwa mapigo. Akibonyeza nafunga. Akiachia nafungua. Anasema nisifikiri, nikifikiri nimeshachelewa.

Katikati nikamwambia turudishe stendi. Nilisema haraka, nikitazama chini. Akasema haihati isiyofunguka ni kama mtu anayeongea bila kuvuta pumzi, hawezi kuipiga hiyo. Sijui kama ni kweli au ananipa pa kupitia.

Jioni nikapata wimbo mzima bila kosa. Nikaacha kupiga. Yeye alikuwa bado anabonyeza goti, macho amefumba. Nikaliacha goti pale pale. Muda mrefu.

Ijumaa, 14 Mei

Mzee Sefania yuko jikoni kwa mama, anakunywa chai. Lori lake linaondoka kesho alfajiri. Amekuja kuuliza stendi inarudi au hairudi. Nikamwambia amuulize Tobia. Tobia kasema mpiga dramu ni Alen, aulizwe Alen. Nikasema subirini kidogo, nikachukua daftari nikaja huku mezani. Mimi! Wa maneno mengi!

Ikirudi, Tobia atakaa kitini na mimi nitarudi kubeba spika. Isiporudi, nitapiga mimi kila Jumapili, na yeye kwenye jiwe la kufulia. Nimeandika jibu mara mbili pembeni ya ukurasa. Mara mbili nimelifuta.

Sasa nasikia magongo yanawekwa chini. Kiti kinavutwa. Amekaa kwenye dramu. Mwenyewe! Tangu atoke Bumbuli hajakaa hapo.

Paka, paka, paka. Mguu wa kulia umo. Mikono ile ile ya Tobia, wepesi ule ule. Halafu pengo. Kila haihati inapotakiwa kufunguka, anaacha pengo. Angeweza kulijaza kwa mkono, mtu kama yeye. Halijazi. Analisubiri lipite, anaendelea.

Jikoni mama ameacha kukoroga. Mzee ameniita mara ya pili, "Kijana, vipi?" Sijaitika. Mguu wangu wa kushoto unakanyaga sakafu hapa chini ya meza. Sikuuambia. Kila pengo linapofika, unakanyaga, na haujachelewa hata mara moja.