Aliyeniita Kutoka Upande wa Bahari

Abowe Yusuf, kaka yangu,

Assalamu alaykum. Nabad, amani ipo? Najua umeshaitikia nabad hapo ulipo, na umevuta kiti kivulini usome polepole kama unavyosoma kila kitu. Na hooyo, mama yetu, goti lake linaendeleaje? Mvua imefika Garissa, au bado mnangoja maji ya lori? Mimi ni mzima. Habaryar, ninayekaa kwake huku, anamsalimu hooyo dada yake. Kazi ya kutunza wazee inamchosha, jioni nyingine analala kwenye kochi na mtandio wake kichwani, lakini anacheka bado.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Abowe, simu ya kwetu haina siri. Hooyo anaweka spika, ayeeyo, bibi asiyepitwa na neno, anasogeza mkeka, jirani anaingia kuomba chumvi na kuketi, na mimi nabaki kusema niko sawa, niko sawa. Kisomali nakisema tu, kukiandika nakiharibu. Kiingereza nimekichoka, nakivaa kutwa nzima kama viatu vya shule. Kwa hiyo ni Kiswahili, na karatasi hii nitaipiga picha nikutumie wewe peke yako. Kuna jambo nataka unisaidie kuuliza kabla ya Jumamosi. Bila jibu lako nitakwenda nilikopangiwa kwenda nikiwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo.

Shuleni kuna kikundi cha matembezi. Likizo hii tunapanga safari za miguu kando ya bahari, hapa kaskazini mwa Uskochi ambako ndiko mwisho wa nchi. Nilijiunga kwa sababu Isla, msichana ninayekaa naye dawati moja, aliandika jina langu bila kuniuliza. Wiki nzima tulikuwa tukikutana baada ya masomo, ramani imetandazwa mezani, tukichagua njia ipi, tupumzike wapi, maji yatakuwa yamejaa saa ngapi. Kupwa na kujaa, Abowe! Unakumbuka tulivyoyakariri kwa yule mwalimu wa kutoka Kitui, ambaye naye hakuwa ameiona bahari? Niliyaelewa hapa. Mimi sisemi kitu kwenye mikutano hiyo. Isla huwaambia wenzake kwamba Fatuma akiona maji mengi hivi anatafuta nani amesahau kufunga mfereji. Wanacheka, nami nacheka, kwa sababu siku ya kwanza ni kweli nilikaribia kuuliza hivyo.

Walipogawana kazi, mimi nilipewa kutembea wa mwisho, kuhakikisha hakuna aliyebaki nyuma. Mwalimu Ewan, anayetuongoza, alidhani ameniweka pasipo na maneno mengi, nisione haya. Mimi niliona heshima. Kule Diff, kijijini kwa ayeeyo kabla hajahamia kwetu, si mchungaji ndiye anayetembea nyuma ya mbuzi?

Alhamisi iliyopita, baada ya alasiri, tulikwenda wachache kuijaribu njia. Ardhi huku haiteremki kwenda baharini. Inakatika tu, kama mkate. Unatembea kwenye majani mafupi yaliyoliwa na kondoo, halafu majani yanakwisha, na chini kabisa kuna miamba myeusi na maji yanayoipiga bila kuchoka. Njia iko mbali kidogo na ukingo, imewekewa vigingi. Tulikuwa salama. Ndipo ukungu ulipotoka baharini, mzima mzima, kama mgeni anayeingia bila kubisha hodi. Nikamwona Isla mbele yangu, nikaona mkoba wake tu, kisha sikuona kitu.

Tulikuwa tumefundishwa: ukungu ukija, simama ulipo, ngoja filimbi. Nikasimama. Kulikuwa kimya, hata maji sikuyasikia.

Kisha nikaitwa. Indhoyar.

Abowe, unajua hilo jina la macho yangu madogo lina mtu mmoja tu anayelitumia. Hapa mimi ni Fatuma, hata kwa Habaryar ni Fatuma. Na ilikuwa sauti ya hooyo hasa, ile ya jioni, anapovuta mwisho wa jina mpaka linafika kwa jirani. Lakini ilitoka kushoto kwangu. Kushoto ni upande wa bahari.

Sikuitika. Nilikumbuka alivyotuambia ayeeyo tukichunga: ukiitwa nyikani na usiyemwona, muulize, mimi ni binti wa nani? Binadamu anayekujua atakutajia baba na babu. Kile kingine hakina ukoo, kitanyamaza. Basi nikauliza, kwa Kisomali, polepole, nikiona aibu mwenyewe: mimi binti wa nani?

Kimya kikakaa muda. Nikaanza kujicheka.

Halafu ikajibu. Wa Abdullahi. Wa Gedi. Wa Warsame. Moja baada ya jingine, bila haraka, kama hooyo anavyotusomea dua tukiugua.

Hapa ndipo nina aibu, na sijamwambia mtu. Niliitika. Nilisema, haa, ndiyo hooyo, naja. Na nikaenda. Ayeeyo hakutuambia la kufanya kikijibu, na mimi miezi yote hii nilikuwa sijaitwa vile. Sikuhisi hofu hata kidogo. Nilihisi kama mtu anayefika nyumbani. Majani yalizidi kuwa laini chini ya viatu, na upepo ukaanza kutoka chini, ukipanda kwenye magoti.

Mkono ukanishika mkoba na kunivuta nikaanguka chali. Ni Isla. Alikuwa amerudi nyuma kunitafuta, filimbi mdomoni, na anasema alishaipuliza mara nyingi. Mimi sikuisikia.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza. "Huko hakuna ardhi tena."

Nikamwambia nimeitwa. Akasema ni sili, wale wanyama wa baharini wanaolala kwenye miamba, eti hulia kama watoto na wageni wote hudanganyika. Nikamwambia sili hawamjui babu yangu. Nilidhani atanitania. Hakunitania. Tulikaa kwenye majani yenye maji, ameshika mkoba wangu bado, mpaka ukungu ulipoanza kupasuka na tukaona vigingi viko nyuma yetu, mbali kuliko nilivyofikiri. Ndipo akaniuliza kitu ambacho tangu siku hiyo kinaninyima usingizi.

"Indayari ni nani?"

Alilivunja jina, lakini lilikuwa lenyewe. Mimi sijawahi kumtajia, Abowe. Wala mtu mwingine yeyote hapa.

Mwalimu Ewan tulimwambia niliteleza tu. Jumamosi tunarudi njia ileile na kikundi chote, pamoja na wadogo wa kidato cha kwanza. Akaniuliza kama bado nitatembea nyuma, nikasema ndiyo, kama kawaida yangu. Baadaye nikamwambia Isla kwamba huenda nikaumwa siku hiyo. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba basi atakaa yeye nyuma. Na yeye, Abowe, hajui hata cha kuuliza. Sasa nifanyeje? Nitakwenda.

Muulize hooyo, taratibu, spika ikiwa imezimwa na jirani amekwenda zake: Alhamisi, baada ya alasiri, aliniita? Mama akimkumbuka mtoto huweza kuita tu, akiwa anafua au anapepeta mchele. Kama aliita, mwambie nimesikia, na asiite tena mpaka Jumapili. Kama hakuita, usinifiche. Nitatembea nyuma ya wale watoto vilevile, lakini nitajua kutoitika, hata itaje ukoo wetu wote mpaka kwa Adamu.

Msalimie ayeeyo, umbusu mkono kwa niaba yangu, lakini hili usimwambie. Msalimie adeer, baba yetu mdogo, na ngamia wake, mwambie kondoo wa huku wamevaa mablanketi kabisa na hakuna anayewaiba. Pacha wa jirani wape pole ya mtihani.

Na tukirudi salama nitapiga simu Jumamosi usiku. Hooyo akiniita kwa jina lile, Abowe, asione vibaya nikichelewa kuitika, mpaka nijue ni yeye.

Mdogo wako,
Fatuma