Miche ya Miparachichi

Mgeta, Aprili 1993

Mjomba Hafidhi,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mvua imelaza njegere. Kaka Abasi alikuona Msamvu, huko mjini, na pikapu mpya. Hongera, ingawa hukupanda huku mlimani kutusalimia.

Kina Allen, wale wasomi wa mjini tuliowaazima msitu wa ukoo alioachiwa mama, wanaishi humo vizuri. Wanafuga nyuki, wanachana mbao za miti iliyoanguka tu, wanapika chungu kimoja. Mama anawasifu. Mimi asali yao sijaionja.

Jana nimewakuta wakipanda miparachichi. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba aliyeazimwa ardhi hupanda maharage, hapandi mti, maana mwenye mti ndiye mwenye ardhi. Nilipomuuliza Allen, akajibu kwa upole, "Dada, mjomba wako ameshaturuhusu. Siku hizi kila kitu ruksa."

Mama sijamwambia. Najilazimisha kuamini kuwa Allen ni mwongo, kwani mjomba hatoi ardhi ya dada yake kwa siri.

Miche nimeing'oa yote, nimeiweka kivulini, mizizi nimeifunika kwa majani mabichi. Kama Allen amesema kweli, njoo uipande mwenyewe, mama akikutazama.

Mpwa wako,
Sabra